Walipotoka Wote Chumbani

Ninaandika haya nikiwa nimeketi kwa upande mmoja wa kiti, kwa sababu upande wa pili hauketiki. Walioupata ugonjwa huu wataelewa bila maelezo, na hao ndio ninaowaandikia. Wengine mnisamehe nikitaja mambo ambayo kwetu Ukambani hayatajwi mbele ya watu. Kansa yangu ilianzia mahali pa haja kubwa. Mahali hapo hapana jina zuri, na kwa sababu nilikosa jina la kupaita, kwa muda mrefu nilikosa pia mtu wa kumwambia.

Naitwa Kamene. Nilizaliwa kwenye milima ya Kilungu, nikaolewa Makindu na Musyoki, fundi wa kujenga nyumba. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani. Nilikaa kwenye baraza ya duka karibu na barabara ya Mombasa, nikishona sare za shule na magauni ya kwaya, mguu ukikanyaga tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka. Damu ilipoanza kuonekana chooni nilidhani ni bawasiri. Nikanywa mizizi. Nikaacha pilipili. Nilipofika hospitali kubwa huko Nairobi, daktari alinipima, akavua glavu, akaniuliza, "Mama, umekuja na nani?"

Nilikuwa nimekuja peke yangu. Akaniambia nirudi na bwana wangu.

Upasuaji wa kwanza ulifanywa wakati wa mvua za mwisho wa mwaka, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Walitoa uvimbe pamoja na njia yenyewe, wakapashona pakafungwa kabisa, kisha wakatoboa tumbo upande wa kushoto na kuutoa utumbo hapo. Tangu siku hiyo haja yangu hupitia hapo, wakati inaotaka yenyewe. Siku ya kwanza ya kupatazama niligeuza uso ukutani. Nesi hakunilazimisha. "Basi kesho," alisema. "Au kesho kutwa. Hapo hapataondoka."

Mifuko niliyopewa hospitalini iliisha upesi. Nyumbani nilitumia karatasi za nailoni, nikajishonea mshipi wa kitambaa wa kuzishikilia. Nilitoka kwenye kwaya, kwa maana wimbo ukipanda juu tumbo nalo hujibu. Kanisani nilihamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Musyoki naye akahamia chumba cha watoto. Alisema anakoroma na hataki kunisumbua. Tangu tuoane hakuwa amekoroma hata siku moja.

Aliyenitazama bila kugeuza uso alikuwa mama yangu. Mwaitu, ndivyo tunavyowaita mama zetu, aliteremka kutoka Kilungu na kikapu cha maparachichi, akaketi kitandani pangu na kusema, "Lete nione."

"Mwaitu, ni pabaya."

"Lete."

Nikafunua. Akatazama kwa makini, kama anayekagua kitambaa kabla ya kununua. "Ni utumbo tu," akasema. "Mimi nimeosha matumbo ya mbuzi maisha yangu yote." Kisha akaenda kuchemsha maji.

Tulivuna mbaazi mara mbili nikiwa na nguvu zangu. Nilirudi kwenye cherehani. Musyoki alinitengenezea mto kwa tyubu ya pikipiki, akaipuliza nusu na kuifunga kwa blanketi kuukuu. Baada ya mavuno ya pili yakaja maumivu mapya, chini kabisa ya mgongo, kama mtu aliyenikalia. Nairobi walinipiga picha, na daktari yule yule akaongea akitazama meza. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na sasa umeshikana na mfupa. Angeweza kunipa dawa ya maumivu. Angeweza kunichoma kwa mionzi ili maumivu yapungue. Kukata, alisema, kungekuwa kunitesa bure.

Hapo ndipo Sista Hanna alipoingia katika mambo yangu. Alikuwa nesi Mjerumani aliyekaa miaka mingi kwenye zahanati ya kanisa upande wa Kitui, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wangu. Alikuwa karibu kurudi kwao kustaafu. Alituambia kwamba katika mji wa kwao kuna madaktari wanaokata kansa ya namna hii, na pale kisu kinaposhindwa, wanapitisha mionzi humo humo ndani kabla ya kulifunga tumbo. Washirika wa kanisa lake walikuwa tayari kugharamia. Hakuahidi kitu. "Wengine wanapona," alisema. "Wengine wanapata muda tu."

Tuliketi nyumbani, mimi, Musyoki na mwaitu. Ndinda, binti yetu mkubwa, alikuwa akijifanya anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa tayari.

"Na ukifia huko?" Musyoki aliniuliza.

"Na akifia hapa?" mwaitu akamjibu.

"Watoto wataangaliwa na nani?"

"Mimi naonekana kama nani?"

Niliondoka mwezi wa Januari, vumbi la Makindu likiwa limefunika hata majani ya miiba, nikashuka kwenye theluji. Sista Hanna alinipa koti lake. Alikuwa amekwenda mapema kuniandalia chumba kwake, na kila asubuhi alinipeleka hospitali kuchomwa mionzi kutoka nje, kabla ya upasuaji. Tulisubiri kwenye korido ndefu isiyo na madirisha. Watu walitazama sakafu, kila mmoja na taulo lake mapajani. Hakuna aliyesalimia. Mara ya kwanza niliwaamkia wote kwa Kiswahili, kama ninavyoingia popote, na mzee mmoja akainua kofia yake. Kuanzia siku hiyo alinisubiri nimwamkie ndipo aivae tena.

Walihitaji kunichora mistari nyongani ili mashine ijue pa kupiga. Wino wao haukuonekana kwenye ngozi yangu. Msichana wa kazi hiyo alijaribu, akajaribu tena, akawa mwekundu kwa aibu, mwishowe akaenda kutafuta kalamu nyeupe. Tulicheka sote wawili. Baada ya hapo mambo hayakuwa ya kuchekesha. Ngozi ilibabuka kama ya viazi vilivyochemka. Mkojo ulinichoma hata nikawa naogopa kunywa maji. Kama ndiko uliko sasa, kunywa tu. Usiponywa inachoma zaidi.

Theluji ilipoanza kuyeyuka ilikuja kaseti kutoka nyumbani. Siku hizo simu ilikuwa ghali na barua ilichelewa, kwa hiyo Ndinda aliazima redio ya jirani na kuwarekodi wote. Musyoki alisema habari za kazi. Wadogo waliimba. Kisha nikamsikia mwaitu akipiga kelele, kana kwamba ni lazima sauti ifike Ulaya kwa nguvu zake mwenyewe.

"Kamene! Unanisikia? Ndinda, ananisikia?"

"Hawezi kujibu, susu. Sema tu." Susu, ndivyo watoto wetu wanavyomwita bibi yao.

"Basi nasema. Huku mvua imekataa. Watoto wanakula. Usiharakishe kurudi, mwana wangu. Wamalize kazi yao. Mimi siendi popote."

Nilisikiliza kaseti hiyo mpaka Sista Hanna akaninunulia betri nyingine.

Baada ya mionzi walinipumzisha, ndani ipoe. Miti ilichanua. Nililazwa chumba kimoja na bibi mzee aliyeitwa Erika, mwenye ugonjwa kama wangu. Hatukuwa na lugha moja. Alinionyesha picha za mbwa wake, nami nikamwonyesha za watoto wangu. Tuligawana biskuti. Tulionyeshana mifuko yetu ya tumboni, wake na wangu, kama wanawake wanavyoonyeshana vitambaa sokoni.

Daktari mkubwa alikuja na Sista Hanna amtafsirie. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono midogo. Alichora kwenye karatasi mfupa wa mgongo na kinachoushika. Akasema atatoa anachoweza. Pale pasipotoka, watapachoma mara moja tu, kwa nguvu, tumbo likiwa wazi, huku matumbo mengine yamesogezwa kando yasiungue. Ila mashine haikuwa ndani ya thieta, chumba cha upasuaji. Ilikuwa chini, mwisho wa jengo. Watanifunika kwa vitambaa safi na kunisukuma hadi huko nikiwa nimelala.

"Tumbo likiwa wazi?" niliuliza.

"Limefunikwa," Sista Hanna alisema. "Lakini ndiyo, wazi."

Kulikuwa na jambo lingine. Mshipa wa fahamu wa mguu unapita hapo hapo. Mionzi ingeweza kuuharibu, na mguu wa kulia usinisikie tena.

Nikamwambia, "Mimi ni fundi wa cherehani. Huo ndio mguu wangu wa kazi."

Sista Hanna alitafsiri. Daktari akasema neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani. Alisema pole, kwa Kiswahili. Nadhani alikuwa amefundishwa kabla ya kuingia.

Halafu akaeleza kwamba mashine ikiwashwa, watu wote hutoka chumbani. Madaktari, manesi, hata yule wa dawa ya usingizi. Hufunga mlango mzito na kunitazama kupitia televisheni.

"Nani atabaki na mimi?"

"Hakuna," Sista Hanna alisema. "Ni dakika chache tu, Kamene. Na Mungu hatoki."

Nilimjua Mungu tangu utotoni na sikuwa na ugomvi naye. Lakini nitawaambia ukweli, siku ile jibu hilo halikunifariji. Nilitaka mtu mwenye vidole. Nilitaka mwaitu asimame pale ashike unyayo wangu.

Erika aliingia thieta kabla yangu. Walimchukua baada ya chai ya asubuhi, na kabla chakula cha mchana hakijaletwa alikuwa amerudi kitandani. Nilifurahi kwa ajili yake. Nikamwambia Sista Hanna, "Ona, wameshamaliza!" Alikunja blanketi lililokuwa limekunjwa tayari. Baadaye akanieleza kwamba walifungua, wakaona, wakafunga. Kwa upasuaji huu, kurudi mapema si habari njema. Erika alipoamka alitazama saa ya ukutani, akafumba macho tena. Wiki hiyo mwanawe alimchukua nyumbani. Aliniachia biskuti zake zote.

Siku yangu ilipofika nilipewa sindano, nikasukumwa chini ya taa, na ya hapo siyajui. Mengi niliyasikia baadaye. Safari ya kushuka kwenye lifti, nesi mmoja ameshika vitambaa, mwingine ameshika chupa. Mlango ukafungwa. Mimi peke yangu na mashine, tumbo wazi, nao wote wamesimama nje wakiangalia kioo cha televisheni. Kisha wakanirudisha juu na kunishona. Nimejaribu mara nyingi kuzikumbuka dakika hizo. Hakuna kitu. Ni shimo tu, na bado mwili wangu hulizunguka kwa tahadhari.

Nilipozinduka, kabla ya kusikia maumivu, nilitafuta dirisha. Nje kulikuwa na giza. Nililia kwa furaha. Nilikuwa nimechelewa kurudi.

Siku iliyofuata nesi alinikuna nyayo kwa kalamu. Wa kushoto ulishtuka. Wa kulia ulikuwa kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa kitandani kwangu.

Nilikuwa bado na mipira puani na kwenye kibofu kaseti ya pili ilipokuja. Watoto waliimba, lakini kwa haraka. Musyoki alinitakia afya. Ndinda akasema, "Susu anakusalimu sana. Ameenda Ikutha kwa dada yake, akapumzike kidogo." Nilisikiliza ikaisha, nikamwuliza Sista Hanna kama mwaitu ameacha watoto na nani. "Ndinda ni msichana mkubwa," alisema. Nikaona ni kweli. Sista alikuwa amenipa mgongo, anafungua dirisha.

Miezi ilipita ya kujifunza kutembea. Waliniwekea chuma kwenye kiatu ili unyayo usiburute. Mguu usiosikia kitu ulijua kuuma hata hivyo, na mkojo ulisumbua hadi wakaweka mpira mwembamba ndani. Niliporudi Kenya ilikuwa Septemba, kila kitu kimekauka kinangoja mvua. Musyoki alinipokea uwanja wa ndege na gari la kanisa. Alikuwa amekonda kuliko mimi. Njia nzima hadi Makindu alizungumzia bei ya saruji.

Nyumbani kulikuwa na watu wengi. Nilidhani wamekuja kunipokea. Mzee wa kanisa alikuwepo, majirani walikuwepo, Ndinda amesimama na wadogo zake bila kunikimbilia. Kisha kwenye mlango wa jikoni akatokea mama mdogo, dada yake mwaitu, yule yule wa Ikutha. Alikuwa amefunga leso kiunoni na kushika ungo.

Nilimtazama. Kama yeye yuko hapa, mwaitu ameenda kwa nani?

Mama mdogo aliweka ungo chini, polepole sana, nami nikajua. Niliketi chini pale pale, mlangoni pa nyumba yangu.

Musyoki ndiye aliyenieleza, ameketi chini karibu nami. Mwaitu alianza kuumwa kifua mvua zilipokuwa zinaisha. Hospitali walisema ni moyo. Alijua. Alimwita Musyoki na Ndinda karibu na kitanda. "Mkimwambia, atatoka hospitali kabla hawajamaliza. Namjua. Semeni nimeenda Ikutha. Ikutha ni mbali, hatauliza sana." Walimzika Kilungu. Mimi wakati huo nilikuwa nasubiri kuingia thieta. Sista Hanna alipigiwa simu, akaambiwa ukweli, naye akaombwa anifiche vivyo hivyo.

Kwa hiyo wote walijua. Nilipokuwa nahesabu pamoja na Erika picha za watoto, wote walijua. Wiki nyingi zilizofuata sikuongea na Musyoki zaidi ya kuomba chumvi. Sista Hanna aliniandikia kutoka kwao, sikujibu. Hasira yangu ilikuwa na mahali pengi pa kwenda isipokuwa kwa mwenyewe aliyeipanga, kwa maana yeye alikuwa chini ya udongo wa Kilungu, na nilijua alichofanya. Alikuwa ameninunulia muda wa kulala pale mezani.

Watu walisema, "Mshukuru Mungu, umepona." Sikujua kuwaambia kwamba nimerudi na nusu ya mwili kwenye nyumba yenye nusu ya watu. Cherehani ya kukanyaga niliiuza, nikanunua ya kuzungusha kwa mkono, ya polepole, ya kushona vifungo na marinda tu. Ndinda alikuwa amekuwa mama wa nyumba na hakutaka kunirudishia sufuria zake. Alikuwa amezoea hata kuwapeleka wadogo zake kula kwenye hekalu la Kalasinga, wale Wahindi wenye vilemba wanaogawa chakula bure, siku ambazo baba yao kwa majonzi hakuamka kitandani. Hilo nililisikia kwa jirani. Nilimtazama Musyoki kwa jicho lingine kidogo, lakini mdomo wangu ulibaki umefungwa.

Ukiwa umelala sasa ukisoma haya, na watu wako wanakuficha jambo, sijui nikushauri nini. Kama wangeniambia, ningetoka hospitali. Ningemzika mwaitu, na pengine wao wangenizika mimi. Najua hivyo, na bado naumia. Yote mawili yanakaa ndani yangu na hayajapatana.

Mvua za Novemba zilikuja kwa nguvu. Alasiri moja nilikuwa nimejilaza, mguu unaniuma, watoto wako shule. Musyoki alisimama mlangoni ameshika blanketi lake.

"Kule kwa watoto kunavuja," alisema.

"Wewe si fundi? Ezeka."

"Nitaezeka."

Hakuondoka. Nikasogea ukutani. Akalala pembeni kabisa, kama mgeni, ameacha nafasi katikati yetu. Tumbo langu likanguruma kwa sauti kupitia pale kushoto.

"Umesema nini?" aliuliza.

"Sijasema kitu. Ni tumbo."

Kisha nikahisi kitanda kinatetemeka, nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka.

"Siku ya mazishi," alisema, "watu wote walinipa pole, halafu wakaenda kwao. Mimi sikuwa na wa kumpa pole. Mwenye mama alikuwa hayupo. Nimekaa nayo tangu siku hiyo, Mama Ndinda. Sijui nikupe vipi."

Mvua ilipiga mabati. Nikavuta blanketi lake likanifunika na mimi.

"Nihadithie," nikamwambia. "Kila kitu. Aliamkaje, alikula nini, aligombana na nani. Anzia siku ile niliyoondoka."

Akapangusa uso kwa mkono, akaanza. Mvua ilipozidi hata sikumsikia, alinyamaza akaisubiri ipungue, kisha akaendelea.